Fimbo Thelathini na Mbili

Siku ya kuandikisha wanafunzi wapya si siku ya kupima ukumbi, na mwenye akili zake angesubiri kesho. Lakini ofisi ilikuwa imempa mpimaji huyu mwezi mmoja tu, na wiki ya kwanza ilikuwa imeshaliwa na mgongo wa mwenzake, aliyeinama kuokota kalamu akashindwa kuinuka. Basi asubuhi hiyo alisimama peke yake mlangoni mwa Ukumbi Mkubwa wa chuo, futikamba ya mita thelathini mkononi, ubao wa kuandikia kwapani, penseli imechomekwa kwenye nywele, akitazama mamia ya vijana na mabegi yao na mama zao.

Alivaa gauni la buluu lenye mifuko minne, aliloshona mwenyewe kwa kuwa mafundi cherehani hawaamini kwamba mwanamke anahitaji mifuko. Kazi yake ilikuwa kuchora majengo ya zamani. Hakuyabuni yeye, aliyapima akayaweka karatasini kama yalivyo, ili wanaotaka kuyakarabati wajue wanagusa nini. Michoro ya jengo hili ilikuwa imeoza kabatini paa lilipovuja. Ulibaki ukurasa mmoja tu, wenye vipimo vikuu, kina cha msingi, na saini ya msanifu aliyelibuni miaka hamsini na mitano iliyopita.

Alitafuta mtu wa kumshikia mwisho wa futi. Juu ya ngazi, kando ya mlango, mwanamume mmoja alikuwa akifunga bawaba.

"Kaka, samahani. Una mikono miwili?"

Mwanamume akatazama chini. Alikuwa na skrubu tatu mdomoni, akazitoa moja moja kabla ya kujibu. "Ninayo. Ila yote imeshika mlango. Nikiuachia, hawa watoto wataanzia masomo hospitali."

"Nitasubiri."

"Utausubiri mlango au utanisubiri mimi?"

"Yeyote atakayemaliza kwanza."

Akacheka kimyakimya, mabega ndiyo yaliyotikisika. Aliposhuka alionekana kuwa mtu wa miaka arobaini hivi, ovaroli ya kaki imefuliwa mpaka imekuwa laini kama shuka, na vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi, ungedhani amezeeka juu ya macho tu.

"Nishikie mwisho huu ukutani kule," mpimaji akamwambia. "Mimi nitaenda nayo hadi huku. Usivute sana, usilegeze."

"Dada, mimi nilishika futi kabla sijashika kijiko."

Wakaitandaza futi juu ya vichwa vya watu. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni akainamisha kichwa na kuuliza, "Mnatupima sisi?"

"Hapana mama, tunapima ukuta."

"Basi pimeni haraka, ukuta hauna foleni."

Akasoma: mita ishirini na nane na sentimita tisini. Akaandika. "Umeshika vizuri huko?"

"Kama nilivyoshika roho yangu," sauti ikajibu kutoka upande wa pili, na vijana wakacheka.

Ndivyo walivyoanza. Chuo kizima kilimwita fundi huyo Bawaba, kwa sababu alikuwa na milango mia mbili na kumi na minne ya kuangalia na aliujua kilio cha kila mmoja. Yeye naye hakuuliza jina la mgeni. Alitazama zile nywele akamwita Bi Penseli, na kufikia Ijumaa hata walinzi walimwita hivyo. Mkuu wa karakana akamruhusu Bawaba amsaidie mpimaji kila asubuhi hadi saa sita, na kwa wiki mbili wakapima ukumbi, roshani na korido, yeye akishika mwisho wa futi, Bi Penseli akisoma na kuandika. Madirisha aliyapima peke yake, kwa futi ndogo ya mfukoni, kwa kuwa hayakuhitaji watu wawili.

Lilikuwa jengo la kumtuliza mtu. Madirisha marefu tisa kila upande, matofali mekundu yasiyopigwa lipu, na sakafu iliyong'aa kote isipokuwa kwenye njia moja iliyochakaa kutoka mlangoni hadi jukwaani, mahali walipopita watu wote waliowahi kuitwa jina na kukabidhiwa shahada. Saa nne jua liliingia kwa madirisha ya mashariki likalala sakafuni vipande tisa. Saa hiyo Bawaba alikuwa akisema, "Tupumzike, mwenye nyumba ameingia," nao wakaketi kwenye benchi wakanywa chai ya chupa.

Jioni simu ikaanza kuita.

"Bi Penseli, umefika nyumbani?"

"Nimefika. Kwani nilikuwa nakwenda vitani?"

"Nauliza tu. Nimeokota penseli yako."

"Ipi?"

"Ya tatu wiki hii. Naona unazipanda humu ukidhani zitaota."

"Zitunze basi."

"Nimezitia mfukoni, upande wa moyo. Usicheke, upande wa pili umetoboka."

Shangazi yake, ambaye ndiye mwenye nyumba, alikuwa akichambua mchele huku masikio yote yako kwenye simu. "Huyo ni nani?"

"Fundi wa chuo, shangazi."

"Fundi wa nini?"

"Milango."

"Humu ndani milango yote inalia kama wafiwa. Mbona hajaja kuisikia?"

Bi Penseli akageukia rafu ya vyombo. Mumewe alikuwa amefariki miaka mitano iliyopita, na kikombe chake kilikuwa bado kwenye rafu, kimefudikizwa kisiingie vumbi. Hakuna aliyekinywea wala aliyekiondoa. Shangazi alikuwa akikipangusa kila Jumamosi bila kusema neno, na neno hilo asilolisema lilikuwa refu kuliko mahubiri.

*

Jumapili ya pili Bawaba alimpeleka kwa msanifu mwenyewe.

"Yuko hai?" Bi Penseli aliuliza. Saini ile ilikuwa ya zamani mno hata hakuwaza kwamba mkono ulioiandika bado unaweza kushika kikombe.

"Yuko hai na ana maneno kuliko redio. Macho ndiyo yamemwacha. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma mchoro. Niliingia chuoni nikijua randa na nyundo tu, akanikuta siku moja nashangaa mbele ya karatasi, akaniambia njoo nyumbani Jumapili. Nimekwenda Jumapili miaka kumi na minne."

Mzee alikaa kibarazani kwa binti yake, shati jeupe limefungwa hadi kooni, miguu kwenye ndara zilizopangwa sawasawa hata akiwa amezivaa. Mikononi alishika fimbo ya mti mgumu, nyoofu, iliyokatwa ncha zote mbili kwa msumeno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayempima mwanangu?"

"Ndiye mimi."

"Anaendeleaje?"

"Anavuja kidogo paani, lakini amesimama wima."

"Kama baba yake," mzee akasema, akafurahi. Akamnyooshea fimbo. "Shika. Usiogope, haitaki adabu. Ina urefu gani?"

Akaipima kwa futi ndogo ya mfukoni. "Sentimita tisini kamili."

"Jengo zima lile ni hiyo fimbo. Dirisha fimbo moja upana, fimbo nne kwenda juu. Mlango fimbo mbili. Ukumbi fimbo thelathini na mbili kwa kumi na nne. Niliibeba kila siku, nikapimia kila kitu kwa mkono wangu, na hakuna kilichotoka nje ya mchoro hata kwa unene wa ukucha."

"Kwa nini fimbo, mzee? Futi zilikuwepo."

"Zilikuwepo. Lakini futi inataka watu wawili." Akageuza uso mahali ambapo binti yake alikuwa akimimina chai. "Mama yake huyu ndiye aliyekuwa akinishikia mwisho wa futi tangu nikiwa msanifu wa vibanda vya kuku. Tulipoanza jengo lile tukagombana, akarudi kwao miezi mitatu. Nami sikutaka mtu mwingine ashike pale aliposhika yeye. Nikakata fimbo. Fimbo haitaki mwenzio."

"Mligombania nini?"

"Alisema nalipenda jengo kuliko yeye."

"Kweli?"

"Miezi ile mitatu ilikuwa kweli. Aliporudi akakuta kuta ziko juu, akazunguka zote, akasema, 'Hata mimi ningekuacha kwa ajili ya hili.' Kisha akanidai chai." Mzee akatabasamu kwa upande wa uwanja, ambako hakuona kitu. "Sasa wanasema wataweka jiwe lenye jina langu mlangoni. Miaka hamsini na mitano hawakuliandika. Si kwamba nadai. Ila nikilipata kabla sijaondoka, nitamwambia mwenzangu huko kwamba ile miezi mitatu ilikuwa na faida."

Walipofika kituoni, njiani kurudi, Bawaba alimwambia, "Kwa kweli ni kwa ajili ya hilo jiwe nafunga kila bawaba mwaka huu. Nataka siku hiyo mlango usilie."

*

Kosa lilijitokeza mezani, kwenye karatasi, mahali ambapo makosa yote ya kazi hii hujitokeza.

Mchoro wa zamani ulisema ukumbi ni mita ishirini na nane na themanini. Daftari lake lilisema na tisini. Upana, zaidi kwa sentimita kumi. Roshani, kumi. Korido, kumi. Alirudi ukumbini, akamwomba Bawaba ashike tena, akapima mara ya pili, na kesho yake mara ya tatu. Hakumwambia sababu. Hiyo ilikuwa sheria aliyofundishwa siku ya kwanza kazini: mshikaji haambiwi jibu unalolitafuta, asije akakusaidia. Mara zote tatu jibu lilikuwa lile lile.

Aliandika mistari miwili kwa bosi wake, akidhani ni jambo dogo: ukumbi unazidi mchoro kwa sentimita kumi, urefu na upana, huenda msanifu alibadili mawazo wakati wa ujenzi.

Bosi alisoma huku anakoroga chai, kisha akaacha kukoroga. "Msingi wa jengo hili umeuona?"

"Hauonekani. Tunategemea mchoro."

"Kama karatasi hii inasema uongo juu ya ukumbi tunaouona, tutaiamini vipi juu ya msingi tusiouona?"

Barua ikaenda kwa kamati ya majengo ya chuo, ikiwa na saini yake chini. Wiki moja baadaye Ukumbi Mkubwa ukafungwa kwa mnyororo, shughuli ya jiwe ikasimamishwa, na kwenye kamati mtu mmoja akatamka neno kubomoa. Maneno hayana mlango wa kufunga. Kufikia Alhamisi wapishi wa bwenini walikuwa wakisema yule mzee alichora hivi akajenga vile, na nani ajuaye alikula nini katikati.

Bawaba alimkuta ngazini mbele ya mnyororo. Alikuwa ameshika barua iliyokuwa imebandikwa mlangoni. Alikuwa ameibandua bila kuichana.

"Hii saini ni yako?"

"Ni yangu. Sikujua watafika huku."

"Ulikaa kibarazani kwake. Ulikunywa chai yake. Akakupa fimbo yake mkononi, ambayo mimi nimeiona miaka kumi na minne na sijawahi kupewa. Ukaondoka ukaenda kumwita mwongo."

"Sikumwita mwongo. Niliandika nilichopima. Tumepima pamoja, Fundi. Mara tatu."

"Kwa hiyo na mimi nimo."

"Namba sikuzitunga mimi."

"Ungeniambia. Neno moja tu, ungesema, Bawaba, namba hazikubaliani na mzee. Siku mbili umenisimamisha ukutani nimeshika futi kama kigingi, unacheka na mimi, na moyoni unajua unachokitafuta."

"Hiyo ndiyo kazi yangu. Mshikaji haambiwi."

"Aha." Akaikunja barua mara nne. "Nilidhani nilishapanda cheo kidogo kutoka kwa mshikaji." Akatoa penseli mfukoni, upande wa kushoto. Zilikuwa saba. Akaziweka kwenye ngazi moja moja, zimepangwa, akaondoka.

Bi Penseli alimpigia jioni hiyo. Alimpigia kesho yake, na keshokutwa. Mara moja tu ndipo alipopokea.

"Bawaba."

"Niko kazini, dada."

Hilo "dada" lilimchoma kuliko tusi. Shangazi alikuja na kopo la mafuta ya kupikia, akaanza kupaka bawaba za mlango wa jikoni kwa unyoya wa kuku, polepole, huku akisema kama anayeongea na mlango, "Kila mtu na fundi wake. Mwingine humfukuza wa kwake kabla hajafika."

*

Wiki ya tatu ya kimya hicho, binti wa mzee alipiga simu. "Baba anakuita. Anasema uje na daftari."

Alikwenda kama mtu aendaye kusomewa hukumu. Mzee alikuwa kitandani safari hii, mito miwili mgongoni, shati bado limefungwa hadi kooni. Pumzi ilikuwa fupi. Fimbo ilikuwa ubavuni.

"Shikamoo mzee. Naomba radhi."

"Marahaba. Radhi baadaye. Nisomee."

Akamsomea. Ukumbi, urefu, zaidi kwa kumi. Upana, zaidi kwa kumi. Roshani, kumi. Korido, kumi.

"Madirisha?"

"Madirisha yanalingana na mchoro. Yote kumi na manane."

"Madirisha ulipima na nani?"

"Peke yangu."

"Na ukumbi?"

"Na Bawaba."

Kifua cha mzee kikaanza kutikisika, na Bi Penseli akainuka kwa hofu, mpaka alipotambua kwamba ni kicheko.

"Mwanangu, ukuta ukikosea hukosea ovyo. Huku mbili, kule tano, pale saba. Ukuta hauna akili ya kukosea kumi, kumi, kumi. Kosa linalofuata utaratibu ni la mkono wa mtu. Nenda karakana. Usiwaulize chochote. Simama tu uwatazame wanavyopima."

Alikwenda moja kwa moja, hata hakunywa chai. Karakana ilinuka gundi na mbao mbichi. Mafundi wawili walikuwa wakipima ubao. Mmoja alishika mwisho wa futi, kidole gumba kimebana si kwenye ncha bali kwenye alama ya kumi. Mwenzake akasoma kwa sauti, "Mia na tisini," na huku akisema hivyo akaandika kwenye ubao, kwa chaki: 180.

Alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Bawaba alikuwa kwenye benchi la mwisho, akipiga randa, amempa mgongo.

"Fundi. Futi unaianzia ngapi?"

Hakugeuka. "Kumi. Mwisho wa futi hauaminiki. Pete ya chuma ya pale nchani inalegea, inapinda, inakudanganya. Hata yako pete yake imeachia, niliiona siku ya kwanza. Kila karakana inaanzia kumi, na anayeandika anapunguza."

"Na anayeandika mnamwambia?"

"Haambiwi, anajua. Mtu yeyote aliyeshika..." Randa ikasimama. Vumbi la mbao likaendelea kuanguka peke yake. Akageuka, na rangi ilikuwa imemtoka usoni chini ya zile nyusi za unga. "Wewe hukupunguza."

"Ofisini kwetu tunaanzia sifuri."

"Mara zote tatu."

"Mara zote tatu."

Wale mafundi wawili wakajikumbusha kazi iliyoko nje.

Bawaba akaketi juu ya benchi. "Ni mimi. Nimemvunjia mzee jina kwa kidole gumba."

"Ni mimi. Nilisoma, nikaandika, nikatia saini. Kama ningekuambia neno moja, kama ulivyosema, ungejua papo hapo."

"Nitakwenda kwenye kamati niseme ni mimi niliyeshika."

"Utafukuzwa."

"Na wewe ukisema?"

"Nitapewa barua ya onyo na kunyang'anywa kalamu ya kusaini. Nimeshafanya hesabu njiani."

"Hesabu zako," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu kona ya mdomo ikasogea, "sasa hivi siziamini sana."

Jioni ile ile bosi alimshauri aandike kwamba msaidizi aliyetolewa na chuo alishika futi kinyume. Ilikuwa kweli, na ingemwokoa. Aliandika barua ya mistari mitatu: vipimo vya ukumbi vina kosa, kosa ni la mpimaji, ambaye hakumuuliza mwenzake anaanzia wapi, naomba kamati ije ipime mbele ya macho yake. Akatia saini. Jina la Bawaba halikuwemo.

*

Kamati ilikuja Jumanne, watu watano wenye suti na nyuso za watu waliotolewa kwenye mkutano mwingine. Mnyororo ukafunguliwa. Mlango haukulia.

Bawaba alikuja bila kuitwa, ovaroli imepigwa pasi, akisukuma kiti cha magurudumu. Mzee alikuwa amefunikwa shali, fimbo mapajani. Mwenyekiti wa kamati alipomwona akavua miwani, akainama kumsalimia, na sauti yake ikapungua.

"Kabla hamjaanza," Bawaba akawaambia wote, "aliyeshika futi siku ile ni mimi. Hilo barua haikulisema. Nalisema mimi."

Bi Penseli akamtazama. Mzee ndiye aliyesema, "Tuache kugombea kosa kama urithi. Laza fimbo."

Bawaba akapiga magoti kwenye ukuta wa nyuma, akaibana ncha ya fimbo ukutani, akailaza sakafuni. Bi Penseli akachomoa penseli kwenye nywele, akaweka alama mwisho wake. Moja. Bawaba akaisogeza. Mbili. Walitambaa hivyo ukumbi mzima, magoti kwa magoti, kwenye ile njia iliyochakaa, Bi Penseli akihesabu kwa sauti na watu wa suti wakifuata nyuma pole pole kama wanaosindikiza kitu. Kwenye ishirini jua la saa nne lilikuwa limeingia. Kwenye ishirini na tisa wajumbe walikuwa wameacha kutazama saa zao. Kwenye thelathini na mbili ncha ya fimbo ikagusa ukuta wa jukwaa kwa mlio mdogo, *tok*, na mwenyekiti akainama kujaribu kupenyeza kadi yake ya kazi kati ya fimbo na ukuta. Haikuingia.

"Thelathini na mbili," mzee akasema kutoka mlangoni. Hakuwa ameona kitu. Alisikia mlio.

Uamuzi haukuchukua muda. Jengo litafunguliwa, mchoro wake utaaminiwa hadi msingini, na jiwe litawekwa mwanzo wa muhula. Bi Penseli akapata barua yake ya onyo na miezi sita bila kusaini. Bawaba hakufukuzwa. Mkuu wa karakana alimwambia tu kwamba kuanzia sasa aandike ukutani kwa rangi nyekundu: TUNAANZIA KUMI, wageni waulize.

Wakati wa kuondoka mzee alimtafuta Bi Penseli kwa mkono hewani mpaka akaupata mkono wake. Akamwekea fimbo.

"Chukua. Lakini usiitumie. Ni kifaa cha mtu aliye peke yake, na mimi niliitumia miezi mitatu tu, ikanitosha. Weka ukutani, uitazame, upime kwa futi."

"Futi ilitukosesha, mzee."

"Futi haikuwakosesha. Hamkuongea."

Siku kumi na moja baadaye mzee alifariki, asubuhi, akisubiri uji. Binti yake alisema aliuliza kama jiwe limechongwa, akaambiwa limeshachongwa bado kuwekwa, akasema basi, hiyo sehemu ya kubeba si yangu. Mwanzo wa muhula jiwe likawekwa kando ya mlango, na binti yake akalifunua. Jina limeandikwa kwa herufi za wastani, na chini yake urefu wa ukumbi, si kwa mita. Wanafunzi hupita pale wakajiuliza ni fimbo gani hiyo.

*

Milango ya nyumba ya shangazi ililia hadi mwezi uliofuata, kisha Jumamosi moja ikanyamaza yote kwa siku moja. Shangazi alimwandalia fundi chai kwenye kikombe kipya. Bawaba aliona kile kingine kwenye rafu, kimefudikizwa, akaona namna Bi Penseli alivyotazama kando.

"Kiacheni pale pale," akasema. "Mimi hiki kinanitosha."

Shangazi akaenda jikoni ghafla, akakaa huko muda mrefu bila kupika kitu.

Wiki ile ile Bawaba alimpeleka Bi Penseli kuona kiwanja chake. Kuta nne za matofali zimefika kifuani, hazina paa, majani yameota katikati ya sebule. Bi Penseli alikuwa amevaa lile gauni la buluu, mifuko imejaa.

"Nataka kuweka dirisha hapa," Bawaba akasema, "ila sijui upana. Nilidhani ungekuja na ile fimbo."

"Fimbo iko ukutani kwetu. Ni kifaa cha mtu aliye peke yake."

"Kwa hiyo tutapimaje?"

Bi Penseli akatoa futi mfukoni, akamrushia upande wa kusomea, akabaki na ncha. Akapiga goti kwenye kona, akaibana ukutani kwa kidole gumba. "Nimeshika sifuri. Nakuambia mapema."

Bawaba akaivuta hadi kona ya pili. Alisimama pale, futi imenyooka kati yao, asisome.

"Mbona husomi?"

"Nafikiria. Kazi ni nyingi hapa. Madirisha sita, milango mitatu, na baadaye labda vyumba vingine, Mungu akipenda. Nitahitaji mtu wa huo upande wako kwa miaka mingi sana. Mkono wake utachoka."

Bi Penseli hakuinua kidole ukutani.

"Tutapokezana," akasema. "Haya, soma."